Shule yetu inaburuta mkia, lakini chanzo kiko darasa la kwanza

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyetushangaa sisi wazazi ambao bado tunapeleka watoto kwenye shule za mtaani zinazoburuta mkia kila matokeo yakitoka. Aliandika kwamba mzazi mwenye akili zake alishamhamisha mwanawe zamani, na kwamba walimu wa shule hizo wanakula mshahara wa bure. Mimi ni mmoja wa hao wasio na akili. Naomba nafasi nimjibu. Barua ni ndefu, niwie radhi. Nimeiandika lindoni zamu tatu mfululizo, na huko muda ninao.

Kazi yangu ni ulinzi wa usiku. Watu hudhani mlinzi anaishi kwa rungu na tochi, kumbe anaishi kwa kalamu. Gari likiingia naandika, likitoka naandika, taa ya uzio ikizimika naandika na dakika yake. Anayenipokea asubuhi anasoma kitabu cha matukio na kujua usiku ulivyokwenda kabla sijafungua mdomo. Nalisema hili mapema ili msomaji asishangae huko mbele akiniona nahesabu watoto kama ninavyohesabu magari.

Mtoto wangu wa pili ni binti, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Ripoti zake za kila muhula zilikuja na neno lilelile: "Anajitahidi." Nikawa nasaini na kurudisha. Hilo ni kosa langu, simtwishi mwalimu.

Asubuhi moja nimerudi kutoka lindoni, hata buti sijavua, akaniambia, "Baba, nikusomee?" Ilikuwa zamu yake ya kurudi nyumbani na kitabu cha darasa. Akafungua hadithi ya kobe anayetaka kuvuka mto, akaisoma bila kukwama, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilijisikia vizuri sana, nakiri. Nilikuwa nishaanza kuwaza nani nikamsimulie. Kisha akageuza kurasa mbili kwa pamoja, zilikuwa zimegandana. Mbele yake sasa kulikuwa na picha ya ndege juu ya mti, na yeye akaendelea kunisomea habari za kobe na mto, neno kwa neno, kwa sauti ileile.

Nikamrudisha ukurasa uliorukwa. Nikafunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole chini ya neno moja. Lilikuwa "mto". Akasema, "Kobe." Nikasogeza kidole hadi kwenye "kobe". Akaacha kuangalia kitabu, akaniangalia mimi machoni, anatafuta jibu usoni kwangu. Nikamwambia ataje herufi. K aliijua. O aliijua. Alipofika kwenye b akauliza kama ni b au d. Miaka mitatu shuleni, na hajui kwamba k na o zikishikana zinasema "ko".

Kuna kitu kingine nilikiona asubuhi ile nikakiweka kichwani bila kukielewa. Muda wote aliokuwa "anasoma", shingo yake ilikuwa imelala upande wa kushoto, kama mtu anayechungulia kwenye ufa. Kitabu kilikuwa chake peke yake, mezani, hakuna wa kumgombania.

Siku hiyohiyo nilichukua fomu ya uhamisho, nikaijaza, nikaikunja na kuitia mfuko wa ndani wa koti la lindo. Halafu, kabla ya kuipeleka popote, nikaenda shuleni. Sitaipamba habari hii: nilikwenda kugombana. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Hakubisha hata moja. Akauliza, "Mzazi, wewe asubuhi huwa unafanya nini?" Nikamjibu kwamba asubuhi huwa nalala. Akasema, "Basi njoo ulale benchi la nyuma. Ila usianze na darasa la mwanao, anza na darasa la kwanza. Ukiamka utaniambia umeona nini."

Nikaenda. Asubuhi nne. Siku ya kwanza kweli nilisinzia, na watoto wawili waliokaa mbele yangu walifurahi kuliko walivyofurahia somo lolote.

Darasa la kwanza lilikuwa na watoto 71. Nilihesabu mara mbili kwa sababu hawatulii. Vitabu vya kusomea vilikuwa 15, kwa hiyo vikundi 11 vya watoto watano watano na vikundi vinne vya watoto wanne wanne. Kitabu kinawekwa katikati ya dawati. Mtoto wa katikati anakiona sawasawa. Wa pembeni anaona maandishi yamelala, anainamisha shingo kuyafuata. Hapo ndipo nilipoielewa shingo ya binti yangu. Miaka mitatu amekaa pembeni ya dawati, na hata alipokipata kitabu peke yake nyumbani, mwili wake bado ulikuwa unachungulia.

Kipindi ni dakika 30. Nilitazama saa yangu: kutuliza darasa na kugawa vitabu kulimla mwalimu dakika sita. Zikabaki 24. Ukizigawa kwa watoto 71 unapata sekunde 20 kwa kila mmoja, na hapo mwalimu awe hafanyi kitu kingine chochote, hafundishi, haandiki ubaoni, hamtoi mtoto nje kwenda msalani. Katika asubuhi nne nilizokaa, watoto walioitwa mmoja mmoja kusoma mbele yake walikuwa 13. Nina orodha.

Kwa hiyo wanasoma kwa kuitikia. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, darasa zima linapaza sauti: ba, be, bi, bo, bu. Ukipita nje dirishani unasema hapa kuna shule. Siku ya tatu fimbo yake ilikosea. Ilitoka kwenye "be" ikaruka moja kwa moja hadi "bo". Darasa zima likaitikia, "Bi!" Niliwahesabu waliosema "bo": saba. Wale wengine hawakuwa wanaangalia ubao, walikuwa wanaimba. Nikakumbuka zile kurasa mbili zilizogandana, nikajisikia baridi mgongoni.

Sasa nimrudie mwandishi wa ile barua na mshahara wake wa bure. Mwalimu wa darasa hili ni kijana, hii ni kazi yake ya kwanza, na alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Kufikia saa nne asubuhi sauti yake ilikuwa imekauka. Mapumziko ya watoto yeye anayatumia kusahihisha. Daftari 71, ukilipa kila moja dakika moja, ni saa nzima na dakika 11, na hilo ni somo moja la siku moja. Nilimuuliza kama chuoni walimfundisha namna ya kumfundisha mtoto kusoma. Akasema walifundishwa, ila kwenye mazoezi ya kufundisha alipewa darasa la watoto 40, na alikuwa na mwalimu mzoefu pembeni yake. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Siku ya nne nilipita darasa la mwisho, lile la mtihani. Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea mwalimu mkuu.

Watoto 34, kila mmoja na kitabu chake. Walimu watatu wanapokezana, wote wazoefu. Kuna masomo ya ziada alfajiri na mengine jioni. Na mbele ya darasa alisimama mwalimu mmoja ninayemfahamu vizuri, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kusoma mtoto wangu wa kwanza. Kijana yule alipita shule hiihii, madawati hayahaya, na alipomaliza darasa la kwanza alikuwa ananisomea vibandiko vya dawa. Nilikuwa nikidhani ana akili kuliko mdogo wake. Kumbe tofauti yao ni kwamba yeye alimkuta yule mwalimu darasa la kwanza, na mdogo wake hakumkuta. Miaka sita iliyopita matokeo yalipokuwa mabaya, mwalimu huyo alipandishwa darasa la mtihani akaokoe jahazi, na hajashuka tena.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini mwalimu bora, vitabu na muda vyote viko juu. Akajibu, "Mimi napimwa kwa hawa 34. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuja kuniuliza darasa la kwanza wanasomaje. Wewe ni wa kwanza, na ulikuja kugombana." Halafu akafungua rejista ya zamani. Darasa hilo la mtihani lilipoanza lilikuwa na watoto 66. Wengine wamehamishwa na wazazi wenye akili, wengine wamerudia darasa, wengine waliacha tu kuja na hakuna aliyejua siku gani.

Ndugu Mhariri, hiyo ndiyo hoja yangu. Shule inapimwa kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo kila kilicho bora kinapelekwa kwenye mtihani wa mwisho, na darasa la kwanza linapewa kilichobaki: watoto wengi kuliko wote, vitabu vichache kuliko vyote na mwalimu mgeni kuliko wote. Mtoto anayetoka pale hajui kusoma anafika darasa la tatu na kukutana na sayansi na historia zilizoandikwa. Hazisomi, anaziimba. Miaka kadhaa baadaye anafika kwenye mtihani, gazeti linachapisha kwamba shule imeburuta mkia, na mwalimu mkuu, kwa hofu, anapandisha mwalimu mwingine mzuri kutoka madarasa ya chini.

Usiku lindoni huwa nasoma kwenye simu, na nimegundua kwamba tatizo hili lina wenzetu wengi. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 53 kati ya kila 100 wanafika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa hadithi fupi. Nilisoma pia kuhusu jimbo la Tennessee, Marekani, ambako mwaka 1985 walianza jaribio kubwa: watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tatu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine madarasa ya watoto 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi katika kusoma na kuhesabu. Nilicheka peke yangu pale getini. Darasa lao kubwa, lile la kulinganishia, lilikuwa na watoto 25.

Lakini madarasa huwezi kuyajenga kwa barua, kwa hiyo kilichonishika zaidi ni habari ya India. Huko shirika la Pratham liliamua kwamba kwa muda fulani kila siku watoto wapangwe kwa kile wanachokiweza, bila kujali umri wala darasa. Kila mtoto anapimwa kwa dakika chache tu: anajua herufi? Anasoma neno? Anasoma aya? Anasoma hadithi? Kisha anafundishwa kuanzia pale alipokwama. Utaratibu huo ulipimwa na watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na ulionekana kusaidia. Hauhitaji jengo jipya. Na kwa Kiswahili nadhani sisi tuna nafuu, maana irabu ni tano tu na neno linaandikwa linavyotamkwa. Mtoto akishaweza kuunganisha konsonanti na irabu, amebakiza mafundo machache: ng' na ng, ny, mbw, ngw. Haina haja ya kuchukua miaka mitatu.

Niliyaandika hayo kwenye karatasi mbili, mwalimu mkuu akaniruhusu niyaseme kwenye kikao cha wazazi. Hakikuwa kikao kizuri. Nilipopendekeza yule mwalimu mzoefu arudishwe darasa la kwanza, mama mmoja alisimama akasema, "Mwanangu ana mtihani mwaka huu. Akifeli mtampa nini? Mtamrudisha darasa la kwanza akafundishwe vizuri?" Watu wakapiga makofi. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Mtoto wake naye alikuwa na haki ya mwalimu huyo, na mwaka wake ulikuwa haurudi.

Tulichokubaliana ni nusu ya nilichotaka. Vipindi viwili vya kwanza kila asubuhi mwalimu mzoefu anashuka darasa la kwanza, anafundisha pamoja na yule kijana, kisha anapanda kwenye darasa lake la mtihani. Na kwa saa moja kabla ya mapumziko, madarasa ya pili hadi ya nne yanavunjwa na kupangwa upya: herufi, silabi, maneno, hadithi. Wazazi wanaojua kusoma na wenye nafasi asubuhi wanakuja kukaa na watoto sita sita, kila mtoto asome peke yake na asikilizwe. Kazi yetu ni hiyo tu, kusikiliza.

Tulianza wazazi 11. Leo tumebaki watano. Mmoja tulimwondoa wenyewe, alikuwa anafinya watoto wanaokosea. Wengine walipata kazi au walichoka, na siwalaumu, kwa sababu ni kazi ya kuchosha. Mtoto anaweza kukaa kwenye neno "nyumba" dakika mbili nzima na wewe unatakiwa ufunge mdomo.

Binti yangu wa darasa la tatu alipangwa silabi, pamoja na watoto wa darasa la pili. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alikataa kuvaa viatu. Kulikuwa na kijana wa darasa la nne, mrefu kunizidi bega, aliyepangwa kwenye herufi. Yeye aliacha kabisa kuja, mwalimu mkuu akamfuata nyumbani mara mbili ndipo akarudi. Haya yanatokea, na anayetaka kuiga utaratibu huu ajiandae nayo. Sisi hatukujiandaa.

Katika kundi langu kulikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa maarufu kwa sauti. Darasa likiitikia, yeye ndiye unayemsikia. Siku ya kwanza nilipompa kitabu asome peke yake, alikiinua mpaka kikagusa pua. Nikakisogeza nyuma kidogo, akakirudisha puani. Alikuwa haoni. Miaka miwili alikaa nyuma ya darasa, akiitikia kwa nguvu kitu asichowahi kukiona ubaoni. Sasa ana miwani, na ninapochelewa kutoka lindoni ndiye anayewanyamazisha wenzake.

Katika sita wangu, wanne wanasoma hadithi fupi. Wawili bado wako kwenye maneno. Binti yangu anasoma polepole na kidole, na ng' bado inamsumbua: juzi alinisomea kwamba "ngombe" amekula majani, akasimama, akarudi nyuma mwenyewe, akasema "ng'ombe". Nilijifanya sijasikia ili asinitazame usoni.

Je, shule imepanda? Hapana. Matokeo ya mwaka huu imeburuta mkia tena, na nadhani mwaka ujao itaburuta vilevile, maana watakaofanya mtihani huo waliimba darasa la kwanza kama wenzao. Watoto wa utaratibu huu mpya bado ni wadogo, mtihani wao uko mbali. Sijui kama mwalimu mkuu ataachiwa nafasi mpaka wafike. Hili ndilo linaloninyima usingizi wa mchana.

Na hapa ndipo ombi langu kwako, Mhariri. Kila mwaka gazeti lako linatoa orodha ya shule kumi bora na kumi za mwisho. Wazazi wanaikata na kuibandika ukutani, na walimu wakuu wanaisoma mikono ikitetemeka. Endelea kuitoa. Lakini mwandishi wako akienda kwenye shule ya mwisho kupiga picha ya lango, aingie ndani, afike darasa la pili, achukue watoto kumi bila kuchaguliwa na mtu, awape mistari mitatu ambayo hawajawahi kuiona. Achapishe wangapi wamesoma. Afanye hivyohivyo kwenye shule ya kwanza. Zikianza kutoka namba hizo kila mwaka, mwalimu mkuu atakuwa na sababu ya kumwacha mwalimu mzuri kule chini.

Fomu ya uhamisho bado iko kwenye koti. Imelowa mvua mara mbili na wino umesambaa, sidhani kama kuna shule ingeipokea. Sijaitupa, kwa sababu kuna asubuhi ambazo bado naifikiria.

Na kwa yule msomaji mwenzangu: wiki hii wazazi wawili wameniaga, tuna upungufu. Jumanne na Alhamisi tunaanza saa tatu na nusu asubuhi. Benchi la nyuma lina nafasi, ila mguu mmoja ni mfupi, akalie upande wa ukutani.

Mzazi, mlinzi wa zamu ya usiku